Tatizo ni vyombo, siyo gitaa kavu

Kuna mwandishi anasema msanii wa gitaa kavu, yaani gitaa lisilo la umeme, akija mikoani bila wacheza shoo, watu watamkimbia. Sikubali kabisa. Tarehe 11 Juni 1988, uwanja wa Wembley, London, tamasha la kutimiza miaka 70 ya Mandela, mwimbaji wa Marekani Tracy Chapman alikuwa ameshaimba na kushuka. Mwanamuziki Stevie Wonder akakwama kupanda kwa sababu diski yenye sauti za kinanda chake ilipotea. Chapman akarudishwa mbele ya umati ule, yeye na gitaa lake tu! Albamu yake ya kwanza ilikuwa na miezi kama miwili sokoni. Baadaye ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Na huyu alianzia kuimba mitaani, pale Harvard Square, karibu na Boston, Marekani.

Huku Kigoma wasikilizaji wapo. Mwaka jana, eneo la Mwanga hapa mjini, nilimwona kijana mmoja jukwaani: maikrofoni moja, ya mdomoni, gitaa halina hata waya. Meza za mbele zilitulia zikimsikiliza. Waliokaa nyuma walisikia jenereta tu, wakaanza kupiga soga. Fundi mitambo angeweka maikrofoni ya pili karibu na tundu la gitaa, mngesikia habari nyingine. Waandaaji, mleteni tena yule kijana, na mumpe muda wa kupima sauti kabla watu hawajaingia.