Kura ya mfongo imepigwa kwenye simu, na mwenye maji hajaulizwa

Kwetu Kibosho, huku juu ya Moshi mjini, tuna grupu la WhatsApp la watumiaji wa mfongo wetu, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, wamo wa kijijini, wa mjini na ndugu walioko Dar. Mwezi uliopita ikaja hoja, pale kwenye kona mfereji unapovuja tuweke simenti kila nyumba ichange, au tuendelee na majembe kama siku zote. Admini akaweka kura, hadi jioni ndiyo zimeshinda kwa mbali. Na mimi nilibonyeza ndiyo, nikafurahi kabisa maana kikao kinakula Jumapili nzima na wa Dar hawafiki.

Nilipopanda nyumbani ndo nikaona tatizo. Mama mdogo ana simu ya kitochi, hana hata habari kama kulikuwa na kura, na shamba lake ndo la mwisho kwenye zamu ya maji kwahiyo yeye ndo anajua maji yanapotelea wapi. Akanipandisha juu, tukaipita ile kona tukaiacha mbali, akachomeka fimbo kwenye majani kando ya mfereji ikazama mpaka nusu. "Yanaishia hapa mwanangu, kule chini ni kidogo tu." Grupu zima tumepigia kura kona isiyo yenyewe!

Ila nisikisifie kikao bure, nako kuna shida. Wazee wakishaongea, wamama wanaokaa nyuma wananyamaza, basi imepita. Hili wenzetu waliliona zamani, shirika la RAND la Marekani miaka ya 1950 lilibuni njia inaitwa Delphi, wataalamu wanajibu kwa maandishi bila majina, wanaonyeshwa majibu ya wenzao, wanajibu tena, ili ukubwa wa mtu usiamue. Mwaka 1971 Murray Turoff akatengeneza mfumo wa kompyuta, EMISARI, ofisi za serikali ya Marekani zilizo mbalimbali zikashauriana bila kukutana wakati serikali imezuia bei na mishahara kupanda. Sasa kura ya grupu letu inafanya kinyume, inaonyesha nani kachagua nini. Mzee mmoja tunayemheshimu alipobonyeza ndiyo, niliona majina mawili yanahama kutoka hapana hapohapo.

Taiwan mwaka 2015 walipogombana kuhusu Uber walitumia programu ya Polis, unaandika hoja fupi, wenzako wanakubali, wanakataa au wanaruka, hakuna sehemu ya kujibizana, halafu mashine inaonyesha hoja ambazo hata wanaopingana wanakubaliana. Lakini hawakuishia hapo, baadaye wahusika walikaa pamoja wakajadili, watu wakifuatilia moja kwa moja kwenye intaneti. Hapo ndo mimi nasimama, simu ikusanye hoja, uamuzi ufanyike watu wameonana.

Wa Dar watasema hela tunatoa sisi, na ni kweli, simenti bila wao hainunuliki, kwahiyo kuwanyima sauti siyo haki kabisa. Ila mvua ikibomoa mfongo usiku anayetoka na jembe siyo aliyeko Dar, na mtu ambaye hakuulizwa utamwitaje kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji?

Nimemwomba mwenyekiti aifute ile kura. Jumapili tunapanda wote mpaka kwa mama mdogo, wa Dar tutawapigia video wakaone ile fimbo, halafu ndo tuongelee simenti.