Mitla haikuishia 1973

Juzi nimetazama video ndefu kuhusu pito la Mitla, kule Sinai, Misri, nikaudhika hadi mwisho. Vifaru, ndege, mishale myekundu kwenye ramani. Msimulizi alifika vita vya 1973 kati ya Misri na Israeli akafunga hadithi.

Kwa nini majeshi yalipang'ang'ania, ardhi yenyewe inaeleza. Mashariki ya Mfereji wa Suez kuna matuta ya mchanga, halafu milima mikavu ya mawe ya chokaa. Gari zito halikatizi popote linapotaka. Linabanwa kwenye mapito machache, makuu yakiwa Mitla na Giddi. Mitla peke yake ina kilomita 32 hivi. Mahujaji kutoka Cairo walivuka jangwa hili na ngamia wao, kupitia Nakhl na Aqaba hadi Makka, karne nyingi kabla ya vifaru kuwepo. Hao hawakutajwa kabisa!

Vita vilikuwepo, sikatai. Mwaka 1956 askari wa miavuli wa Israeli waliingia humo wakamiminiwa risasi kutoka mapangoni. Mwaka 1967 misafara ya jeshi la Misri iliyokuwa ikirudi nyuma iliteketezwa na ndege. Tarehe 14 Oktoba 1973 Misri ilijaribu kuyafikia mapito, ikapoteza vifaru zaidi ya 200.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Machi 1975 mazungumzo ya Misri na Israeli yalivunjika, mapito haya yakiwa kiini cha ugomvi. Septemba makubaliano yakatiwa saini. Israeli ikaondoka mapitoni, na kuanzia 1976 wakaingia raia wa Marekani wasiozidi 200. Walikuwa na vituo vitatu vya ulinzi, na vifaa vilivyofukiwa ardhini kunasa mtikisiko na sauti. Gari likipita bila ruhusa, taarifa ilikwenda Misri, Israeli na Umoja wa Mataifa.

Haya, watu 200 wasingezuia jeshi, na mkataba wa amani wa Misri na Israeli wa 1979 ulibeba mzigo mkubwa zaidi. Lakini fikirieni hofu iliyokuwepo. Misri ilishtukizwa 1967, Israeli ikashtukizwa 1973. Kila upande ulikuwa na sababu ya kurusha risasi ya kwanza kabla haujawahiwa. Wale Wamarekani wa vituoni waliiondoa sababu hiyo, usiku na mchana, hadi 1980. Hakuna aliyewachorea hata mshale mmoja.