Tuzo Anayo, Hati Hana

Yacouba Sawadogo, mkulima wa kaskazini mwa Burkina Faso aliyefariki 2023, alianza kufufua ardhi iliyokufa kwa ukame miaka ya 1980. Alitumia zai, yaani mashimo madogo yanayochimbwa wakati wa kiangazi na kutiwa samadi. Samadi huvuta mchwa, mchwa hutoboa udongo, na mvua ikinyesha maji huzama badala ya kutiririka. Majirani walimwona mwendawazimu, na msitu aliouotesha ukachomwa moto. Baadaye watu wakaja kujifunza kwake, na 2018 akapewa Tuzo ya Right Livelihood. Lakini mji wa Ouahigouya ulipopanuka, sehemu ya msitu huo ilikatwa viwanja.

Wanaotaka jamii ziongoze kazi ya tabianchi watashika nusu ya kwanza ya kisa hiki, na wana hoja nzito. Nchini Niger, tangu miaka hiyohiyo ya 1980, wakulima wamerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5, tena bila vitalu vya miche. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, hupogoa mengine, kisha huyalinda dhidi ya mbuzi. Ni serikali gani ingemudu kupanda na kumwagilia eneo kama hilo? Huko Shinyanga nako, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 uliegemea ngitili, malisho ambayo Wasukuma walikuwa wakiyafunga msimu wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Mtaalamu akiondoka, wenyeji wanabaki na ujuzi wao.

Wanaoshuku nao si wavivu wa kufikiri. Bara zima la Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayozalishwa duniani, kwa hiyo kumsifu mama wa kijijini kwa kuongoza mapambano kunaweza kuwa njia ya adabu ya kumtwisha mzigo wa wengine. IIED, taasisi ya utafiti wa mazingira na maendeleo, ilikadiria kwamba kati ya 2003 na 2016, chini ya asilimia 10 ya fedha za mifuko ya kimataifa ya tabianchi ndizo zilizoelekezwa ngazi ya chini. Vikao, doria na kuandika ripoti hufanywa bure. Halafu jamii yenyewe si moja: malisho yakifungwa, mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi wawili hawaumii sawa, na kiongozi anayependwa na wafadhili huenda wachungaji hawamsikilizi kabisa.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinamtazama mno mtu na kusahau mamlaka. Sheria za Niger zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni ziliifanya miti kuwa mali ya serikali. Aliyekata tawi shambani kwake aliweza kutozwa faini, hivyo kung'oa chipukizi mapema ilikuwa akili, wala si ujinga. Miti ilianza kulindwa kwa wingi pale usimamizi wa sheria hizo ulipolegezwa na wakulima wakaanza kuihesabu kuwa yao. Ari pekee isingefika huko. Shinyanga vilevile, ngitili zilikuwa na sheria ndogo za vijiji na sungusungu, yaani walinzi wa jadi, wa kuzisimamia.

Ndiyo maana mfano wa Gazi, pwani ya Kenya, unanivutia kuliko hadithi za mashujaa. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza vyeti vya kaboni inayofyonzwa na hekta 117 za mikoko kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao, na mapato yameingia kwenye maji na shule kupitia kamati ya wanakijiji wenyewe. Mwaka 2023 sheria ya Kenya ikaagiza miradi ya kaboni inayotegemea ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii. Ni hatua kubwa, ila asilimia huhesabiwa kutoka kwenye jumla, na mara nyingi anayeijua jumla ni aliyekwenda sokoni. Kamati isiyoruhusiwa kuona ankara za mauzo itapokea asilimia 40 ya chochote itakachoambiwa, hata mwenyekiti wake awe hodari namna gani.