Cheni ya Baba Mkwe

Pikipiki ya shemeji yangu, ile ndogo ya cc 110 anayobebea abiria pale Uyole, ilikatika cheni siku moja kabla ya safari aliyoniahidi ya kwenda Tukuyu. Kwa kuwa fedha ya kununua nyingine ilikuwa bado mifukoni mwa abiria wanaokopa, macho yake yalihamia kwenye pikipiki ya baba yangu, yaani mkwewe, ambayo ni ya cc 150 na imelala bandani chini ya turubai tangu Baba alipoanza kulalamikia mgongo. Baba alikuwa shambani, na shemeji hakuona sababu ya kumsumbua mtu mzima kwa jambo ambalo jioni lingekuwa limekwisha.

Nilimwonyesha namba zilizogongwa ubavuni mwa pingili: yake 420, ya Baba 428.

“Shemeji, tofauti ni nane tu,” alinijibu, kama anayemalizia bei ya debe la viazi.

Nimtetee kidogo, kwa sababu namba hizo zina hila. Tarakimu ya kwanza inaeleza umbali kati ya pini na pini kwa sehemu za nane za inchi, kwa hiyo cheni zote mbili zina milimita 12.7, na meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linalovutana na cheni, yanaipokea hii au ile bila ubishi. Fitina imo katika tarakimu mbili zinazofuata, ambazo zinahusu upana wa ndani. Cheni ya 420 ina milimita 6.35, ilhali ya 428 inakaribia 7.94, na jino lililozoea kubanwa hubaki likicheza humo ndani. Isitoshe, cheni ya Baba ilikuwa ndefu zaidi. Fundi wa kijiweni alishauri ikatwe, lakini shemeji alikataa katakata, akisema kwamba mali ya mkwe hairudishwi pungufu. Basi gurudumu la nyuma lilivutwa hadi mwisho wa boliti za kukazia, na bado cheni ilining'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Tuliondoka hivyo hivyo. Kwenye tambarare ilikuwa kelele tu, maana cheni iliyumba kulia na kushoto ikikwaruza kava lake, na watu wa pembeni mwa barabara walituangalia kwa huruma. Kilima cha kuelekea Isongole ndicho kilichomaliza mazungumzo. Katikati ya ukungu, nyuma yetu likiwa limetufuata lori la kwenda Kasumulu, shemeji alirudisha gia na kukaza mafuta. Klipu ya kiungo, kile kibanio kinachounganisha ncha mbili za cheni, ikaruka, injini ikanguruma kwa furaha ya kuachiwa huru, nasi tukaanza kurudi kinyumenyume. Nilishuka kabla ya kuambiwa. Dereva wa lori alitukwepa, akafungua dirisha, akatuamkia kwa heshima zote, kisha akaongeza maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Cheni haikuonekana. Tuliporudi chini tulimkuta kijana anayeokota vyuma chakavu, gunia begani, na mkia wa cheni ukichungulia mdomoni mwa gunia. Shemeji alidai mali yake. Kijana alisema kwa utulivu kwamba kitu kilichoachwa barabarani ni cha aliyekiinamia, ila hana kinyongo, anaweza kutuuzia kwa kilo; na alipotoa mzani wake wa kuning'iniza, shemeji alianza kubishana kuhusu uzito wa grisi, akitaka itolewe kwenye hesabu. Tulilipa kwa nauli yangu ya kurudi. Tukuyu hatukufika.

Jioni hiyo shemeji aliiosha cheni kwa petroli, akanunua klipu mpya, akaifunga mahali pake na kurudisha turubai kwa mikunjo ile ile. Siku ya pili Baba aliingia bandani kutafuta jembe. Alikaa kimya kwa muda, kisha akatuita sote wawili akiwa ameinama kando ya gurudumu.

“Klipu ya cheni,” alisema, “upande uliofumba hutangulia mbele, gurudumu linakozungukia. Hii imegeuzwa. Nani amegusa?”

“Labda panya, Mzee,” alisema shemeji.

Baba alijinyoosha taratibu, mkono kiunoni.

“Sawa, baba. Mwambie huyo panya kwamba Jumamosi ana mifuko ya mbolea ya kupeleka shambani, na ataibeba kichwani.”