Wajitoleaji wa Kitulo na Rungwe wasome tena, lakini kwa kalenda ya nani?

Mradi wa uhifadhi ukifika kijijini, kama kule kando ya Kitulo na Mlima Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, huanza na semina. Watu hufundishwa siku chache kutambua ndege, kusoma GPS na kujaza fomu, inapigwa picha ya pamoja, kisha mjitoleaji, yaani mwanakijiji anayerekodi mimea na wanyama kwa hiari, anabaki na daftari lake. Baada ya hapo nani amfundishe tena? Na elimu hiyo iwe ya lazima, au kila mtu ajisomee anavyoweza?

Wanaotaka iwe ya lazima wana mfano wa kuonyesha. Jimbo la Texas, Marekani, lina mpango wa wapenzi wa viumbe hai wanaojitolea, ulioanza 1998. Anayetaka cheti hupitia mafunzo ya saa 40, na ili kukihuisha kila mwaka hujitolea saa 40 na kuongeza saa nane za masomo mapya. Utaratibu umenyooka, na lazima umvutie yeyote aliyewahi kupokea rundo la fomu zilizojazwa kwa kubahatisha.

Kubahatisha kuna gharama. Nyasi za Hifadhi ya Taifa Kitulo zina ndege wadogo wa kahawia wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Cisticola ambao hata mzoefu hupata shida kuwatofautisha kwa macho. Inabidi usubiri waimbe. Mmoja wao, Cisticola njombe, hapatikani kokote duniani isipokuwa katika nyanda hizi za juu kusini mwa Tanzania na zile za Nyika, upande wa Malawi na Zambia. Aliyefundishwa mara moja, asipate tena nafasi ya kusikiliza sauti hizo pamoja na mjuzi, ataandika jina analolikumbuka. Kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu hurekodi viumbe walivyoviona, kosa kama hilo linaweza kukamatwa, kwa sababu uchunguzi haupandi daraja la utafiti, yaani la kuaminika kwa sayansi, mpaka zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi wakubaliane. Fomu ya karatasi haina wa kuibishia.

Isitoshe, hata sayansi yenyewe hubadilika. Kipunji, tumbili wa Mlima Rungwe na misitu ya Livingstone, aliingia kwenye vitabu vya wanasayansi 2005 kwa jina la Lophocebus kipunji. Mwaka huohuo mmoja alinaswa na mtego wa mkulima kwenye shamba la mahindi, akafa, na mwili wake ukapimwa vinasaba. Mwaka 2006 akahamishiwa jenasi mpya kabisa, Rungwecebus. Aliyekariri somo la 2005 alikuwa amepitwa ndani ya mwaka mmoja.

Lakini kisa hichohicho kinawapa nguvu wa upande wa pili. Watafiti walikwenda kumtafuta kipunji kwa sababu wawindaji wa Kinyakyusa walimzungumzia, wakamtaja kwa jina, huku wageni wakijiuliza kama ni mnyama kweli au wa hadithi. Upande wa Iringa, katika msitu wa Ndundulu, kwale wa Udzungwa alijulikana kwa sayansi baada ya watafiti wa Denmark, mwaka 1991, kuona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya mboga kambini. Waliomtega kwale yule walijua anapokaa na saa anazotembea. Ukiweka sharti la saa nane darasani, kwa slaidi za Kiingereza, wazee wa aina hiyo ndio utakaowaacha nje. Nami naona ni kichekesho: wenye kustahili kufundisha wanageuzwa wanafunzi watoro.

Kuna jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha, nalo ni kalenda. Maua ya Kitulo, zikiwemo aina zaidi ya 40 za okidi, huchanua wakati wa mvua, hasa Desemba hadi Aprili. Miezi hiyohiyo watu wa Matamba na Kikondo wako shambani wakipalilia viazi na mahindi, na barabara ni tope. Semina nazo hupenda kiangazi, au Mei na Juni, fungu la mwaka wa fedha linapokaribia kufungwa. Matokeo yake mjitoleaji anafundishwa okidi kwa picha za ukutani, wakati uwandani kumebaki mashina makavu. Saa zimetimia, cheti kipo, ila mkono wake haujawahi kugeuza ua bichi kuhesabu petali.

Posho nayo isifumbiwe macho. Wapo wanaokwenda semina kwa ajili ya bahasha, hilo linajulikana. Ila anayeacha palizi siku mbili bila malipo anajigharamia uhifadhi wa taifa zima, na kumwita mpenda posho ni uonevu.

Elimu ikiongezeka ina hatari yake pia, hasa kwenye okidi. Viazi vyake huchimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa Zambia, na biashara hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kutaka Kitulo iwe hifadhi, ikatangazwa 2005. Kumfundisha mtu kutambua okidi na kurekodi mahali ilipo ni kutengeneza ramani. iNaturalist huficha mahali pa spishi zilizoorodheshwa kuwa hatarini. Kundi la WhatsApp halifichi kitu. Hapa nakubaliana na wapenda masharti: somo la kutunza siri ya mahali liwe la lazima, na lirudiwe.

Kwa mengine yote, ningependa mtu apimwe uwandani badala ya kuhesabiwa saa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi Tanzania, tayari huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti, wasilazimike kuanza upya darasani. Mjitoleaji naye apelekwe nyasini, asikilizishwe ndege, aseme ni nani na amejuaje. Vijijini kando ya Hifadhi ya Ruaha wapo wanakijiji waliofundishwa kutega kamera za wanyama. Picha huhesabiwa pointi, na pointi zinaleta misaada ya afya, elimu na mifugo kijijini. Pale mtu hujifunza kwa sababu kamera iliyotegwa vibaya inakosesha kijiji kizima.

Bajeti ikibana, mwalimu ndiye asafiri. Mtaalamu mmoja kupanda Matamba mwezi Januari ni nauli na chumba cha mtu mmoja. Kuwaita wajitoleaji Mbeya mjini ni nauli, malazi, chakula na ukumbi wa kundi zima, na huko ukumbini hakuna okidi hata moja.