Jiko la hotelini ni sehemu ya malazi

Sufuria niliyopewa mapokezi siku ya kwanza haikuwa na mfuniko. Niliipokea, nikashukuru, nikapanda nayo hadi ghorofa ya pili, na kwa wiki sita nilikuwa nikiifunika kwa sahani bapa. Humo ndimo nilimopikia mama supu kila siku ya Mungu.

Mama alikuwa anapigwa mionzi ya koo, siku tano kwa wiki, katika mji ambao hatukuwa na ndugu hata mmoja. Aliyewahi kumuuguza mtu wa mionzi ya koo anajua safari yake. Siku za mwanzo mgonjwa anakula kama kawaida, hata unajiuliza kama watu hawakukutisha bure. Kisha mate yanakauka, mdomo unatoka vidonda, chumvi inachoma, na ladha alizozizoea maisha yake yote zinamtoka moja baada ya nyingine. Hapo chakula cha mgahawa hakimfai hata kiwe kitamu vipi. Kina viungo, au ni kikavu, au kimefika saa ambayo koo limekataa kabisa. Mama yangu koo lake lilikubali saa tisa usiku. Aliniamsha kwa sauti iliyokwisha: "Mwanangu, nadhani sasa naweza kumeza kidogo." Niliwasha taa ya jikoni, hatua tatu kutoka kitandani kwangu, nikapasha supu, nikaichuja, nikaiacha ipoe hadi ikawa vuguvugu. Alikunywa nusu kikombe. Tangu usiku ule siwezi kumsikiliza kwa utulivu mtu anayeniambia kuwa jiko chumbani ni nyongeza tu.

Hoteli tuliyofikia ni ya aina ile inayolaza watu kwa wiki au kwa mwezi: chumba kimoja, vitanda viwili, bafu, na ukutani jiko la umeme la sufuria mbili, maikrowevu, friji, sinki na kabati. Bei ya wiki hupungua kuliko ukihesabu usiku mmoja mmoja. Haina mgahawa, mapokezi kuna mtu mmoja, na usafi wa chumba hufanywa mara moja kwa wiki. Hayo yote nayakubali kwa moyo mweupe. Kitanda changu naweza kukitandika mwenyewe, na taulo naweza kulianika. Unafuu unatoka hapo hapo, kwenye kazi ambazo mgeni anajifanyia, na ni makubaliano ya haki.

Mtindo huu wenyewe una umri wa mtu mzima. Mmarekani Jack DeBoer alifungua Residence Inn ya kwanza mwaka 1975 mjini Wichita, Kansas. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kujenga nyumba za kupangisha, na nadhani hilo ndilo la kuzingatia: aliyeanzisha hoteli hizi alikuwa anajua mtu anahitaji nini ili aishi mahali, si alale tu. Mwaka 1987 kampuni ya Marriott iliinunua Residence Inn, na baadaye DeBoer mwenyewe akaanzisha nyingine za bei ya chini zaidi. Wengine wengi wakafuata. Kadiri bei ilivyoshuka, jiko lilibaki kwenye matangazo, ila vitu vya jikoni katika hoteli nyingi vikaanza kupungua: sahani, visu, hata sufuria zenyewe, mpaka ikawa jiko lipo lakini ukitaka kupika uje na vyombo vyako au uviombe mapokezi.

Hapo ndipo ninapogombana nao. Jiko likishatangazwa, ni sehemu ya malazi kama kilivyo kitanda. Hakuna hoteli itakayothubutu kukupa kitanda bila godoro ikuambie godoro liombwe. Najua hoja ya wenye hoteli: vyombo vinapotea, vinaungua, mgeni anaondoka na kisu ndani ya begi. Ni kweli, na sioni ubaya wageni wakiandikishwa vyombo na kuacha dhamana. Lakini wanipe vyombo vinavyofanya kazi. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu unakikandamiza na kinateleza. Nilijikata kidole gumba wiki ya pili nikimenya karoti. Ubao wa kukatia haukuwepo, nikawa nakatia juu ya sahani. Mwiko haukuwepo. Na kikaango kilikuwa kimekwanguliwa hadi rangi ya chini ikaonekana, basi nikakirudisha siku hiyo hiyo.

Friji ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Ilikuwa kimya mno, na ukimya huo niliufurahia usiku wa kwanza. Siku ya tatu maziwa yaliharibika. Nilinunua kipimajoto, nikakiacha ndani usiku kucha, asubuhi kikasoma nyuzi 11. Chakula kinachoharibika upesi kinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 5 au chini ya hapo. Baadaye nikaelewa kwamba vijifriji vingi vya hotelini havina kompresa, yaani ile pampu inayonguruma kwenye friji za kawaida, ndiyo maana havilii, na vilitengenezwa kwa ajili ya kupoza soda na maji. Kumwekea mgonjwa supu ya jana humo ni kumtafutia kuharisha juu ya taabu aliyonayo. Nilishuka na kipimajoto mkononi. "Dada, samahani kukusumbua, tazama hii." Dada wa mapokezi alitazama, hakubishana, akampigia fundi, na jioni tukaletewa friji nyingine iliyokuwa ikinguruma kama trekta. Ule mngurumo sikuulalamikia hata siku moja.

Moshi nao una mambo yake. Feni iliyo juu ya jiko katika vyumba vingi haitoi hewa nje. Inaivuta, inaipitisha kwenye chujio, inairudisha mle mle chumbani. Ukikaanga kitunguu leo, mto wako utanukia kitunguu mpaka keshokutwa, na king'ora cha moshi kiko dari hiyo hiyo unayolala chini yake. Tulijifunza kuchemsha kila kitu, dirisha wazi, mlango wa bafu umefungwa ili mvuke wa kuoga usiongezeke. Kwa mgonjwa wetu kuchemsha kulifaa. Lakini kwa familia iliyokuwa chumba cha jirani, wenye watoto wawili waliokuwa wakisubiri nyumba yao ikarabatiwe baada ya bomba kupasuka, nilimsikia yule mama akiomba radhi kwa king'ora mara nne kwa wiki moja. Hakuwa na kosa lolote. Alikuwa anawapikia watoto wake.

Ukikaa sana unaanza kuwajua wenzako wa korido. Kulikuwa na fundi wa mitambo aliyekuwa na mkataba wa miezi mitatu, anaondoka alfajiri na chakula chake ndani ya kopo. Kulikuwa na kijana mmoja na mkewe ambao walikuwa na kazi wote wawili, wanalipa kila wiki bila kukosa, ila hawakuwa na kodi ya miezi kadhaa ya kutanguliza ili wapate nyumba. Hawa wawili wanaitwa wageni kwa jina tu. Barua zao zinafika pale, viatu vyao viko mlangoni pale.

Huko Marekani, sheria za majimbo na miji mbalimbali zimelitazama hilo. Jijini New York, aliyekaa hotelini siku 30 mfululizo au zaidi hawezi kutolewa chumbani bila mahakama. Texas nayo, mgeni wa siku 30 mfululizo anaweza kuondolewa kodi ya malazi, yaani ile ya serikali inayoongezwa juu ya bei ya chumba. Na California imekataza hoteli za makazi kumtoa mkaaji kwa muda na kumwandikisha upya ili tu asifikie haki za mpangaji, maana wapo waliokuwa wakifanya hivyo: siku ya 28 unaambiwa ufungashe, ulale kwingine, urudi kama mtu mpya. Kumfanyia hivyo mtu mwenye mtoto mchanga au mgonjwa ni ukatili, hata kama karatasi zimejazwa vizuri. Kwa hiyo popote unapokwenda, uliza kabla ya kulipa siku ngapi zinakufanya mpangaji, na kodi ya malazi inaishia siku ya ngapi.

Mama alimaliza mionzi yake salama. Koo lilichukua miezi kurudi, ladha ya chumvi ikatangulia, ya sukari ikachelewa.

Juzi mdogo wangu alinipigia: kazini kwao wanampeleka mji mwingine kwa wiki nane, ameona hoteli ya bei nzuri na picha ya jiko inavutia. Nikamwambia, mdogo wangu, picha ziache. Piga simu. Uliza sufuria ngapi, na zina mifuniko? Friji ina kompresa? Feni ya jikoni inatoa hewa nje? Kisu kikali kipo? Akasema, kaka, mtu wa mapokezi atajuaje mambo hayo yote? Mwambie apande chumbani akaangalie, nikamjibu, nawe usikate simu.