Mosi-oa-Tunya ya Oktoba: umesimama upande upi?

Kila Oktoba picha za maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria Falls ya mto Zambezi, ni zile zile: ukuta mrefu wa mwamba mweusi kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, na maji yakichirizika hapa na pale kama bomba ambalo halikufungwa vizuri. Anayeziona anaghairi safari. Jina la Mosi-oa-Tunya Mswahili halimpi taabu, maana mosi ni moshi tu, moshi unaonguruma. Sasa moshi wenyewe haupo na ngurumo imefifia. Aende kutazama nini?

Wanaosema asiende wana hoja. Mdomo wa maporomoko una upana wa mita 1,708, lakini haulingani kimo. Upande wa Zimbabwe uko chini zaidi, kwa hiyo mto ukipungua, maji yaliyobaki hukimbilia huko. Upande wa Zambia, hasa sehemu ya mashariki, hubaki jiwe tupu. Tena kuna kituo cha umeme cha megawati 108 kinachochota maji juu ya maporomoko, upande huo huo wa Zambia. Mgeni aliyelala Livingstone, mji wa upande wa Zambia, anaweza kulipa kiingilio akaishia kupiga picha mwamba. Kosa hapo ni la aliyemuuzia safari bila kumweleza hayo, na wauzaji wa namna hiyo hawakosekani.

Wala asidhani mvua za kwanza za Novemba zitamwokoa. Maji ya Zambezi hutoka mbali, kaskazini-magharibi mwa Zambia na Angola, kisha hutawanyika kwenye tambarare za Barotse kabla ya kushuka. Ndiyo maana mto hufurika kuelekea Aprili, wakati mvua zenyewe zinakatika. Hata Januari, mtu akiwa amelowa chapachapa kwa mvua, maporomoko yanaweza kuwa bado membamba.

Lakini hiyo Aprili inayosifiwa nayo ina lake. Manyunyu hupanda kama ukungu, ukasimama ng'ambo ya korongo usione kitu zaidi ya weupe. Unasikia na unalowa, basi. Kiangazi ndicho kinachokuonyesha umbo lenyewe: ufa kwenye mwamba wa volkano, kina cha mita 108 hivi, na makorongo yanayojikunja kwenda chini. David Livingstone mwenyewe, yule mpelelezi Mskoti, alifika tarehe 16 Novemba 1855, maji yakiwa haba. Alipelekwa kwa mtumbwi hadi kisiwa kilicho ukingoni kabisa, akachungulia. Sidhani kama kuna mpiga kasia ambaye angekubali kumfikisha pale mwezi wa Aprili.

Kisiwa hicho ndicho wanakopitia leo wanaokwenda kuogelea Devil's Pool, kidimbwi kilicho kwenye mdomo wa maporomoko, kinachofikika takriban kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Januari. Kinachokuzuia usianguke ni ukingo wa mwamba tu. Mimi simo.

Kuna jambo zito zaidi. Desemba 2019, baada ya ukame mkali, picha za ukuta mkavu zilisambaa duniani, na Rais wa Zambia wa wakati huo, Edgar Lungu, akazihusisha na mabadiliko ya tabianchi. Wenye hoteli walilalamika kwamba watu wanachanganya kupungua kwa kila mwaka na janga. Wote walikuwa na haki kiasi. Kukauka kwa upande wa mashariki ni kawaida. Kiwango cha mwaka ule hakikuwa cha kawaida, na waliokaa gizani umeme wa bwawa la Kariba, chini zaidi kwenye mto huo huo, ulipopungua wanalijua hilo kuliko mtalii yeyote.

Kwa hiyo mwenye siku moja tu ya Oktoba avuke daraja la 1905 aingie Zimbabwe. Viza ya KAZA, ile ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe, inaruhusu nchi zote mbili, ila kiingilio cha hifadhi kila nchi inatoza chake. Na mwenye safari moja tu maishani, asiyefungwa na likizo, ningemwambia Juni au Julai: maji bado mengi, ukungu umepungua, na jua la Oktoba halijaanza kuchoma.